Majonzi na Mizani katika Ushairi wa Pwani

Wengi huamini kwamba mtunzi mwenye majonzi huandika majonzi bila shida, na mwenye furaha vivyo hivyo. Ushairi wa pwani ya Kenya unatoa ushahidi mwingine: hali ya moyo humpa mtunzi la kusema, lakini linalomgusa msomaji ni lile lililokubali kupita katika vina na mizani. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, amekwisha kufa. Angeweza kuomboleza tangu mwanzo hadi mwisho. Badala yake alimwachia binti yake wasia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa, kwa mishororo ya mizani nane nane. Maradhi anayataja, afya anaiomba kwa Mola, ila nasaha ndiyo inayoshika usukani. Kwa kuwa halii, msomaji anauona uzito wa mama anayeharakisha kusema kabla hajaondoka.

Atakayepinga atasema kwamba huzuni ya namna hii ni desturi tu, haina uhusiano na moyo wa mtunzi. Atautaja utungo wa Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mapema katika karne ya 19, mji wa Pate ukiwa umeshuka hadhi: si kila mhubiri huonya kwamba dunia ni hadaa? Ni kweli, onyo lenyewe ni la wote. Lakini si kila mhubiri huingia katika majumba ya matajiri wa mji wake, akakumbuka taa na vyombo vya kaure, kisha akaonyesha popo na wadudu waliorithi kumbi hizo, huku akiusuta moyo wake mwenyewe. Desturi ilimpa mada. Simanzi yake ikamchagulia vitu vya kutazama.

Hata hasira hupita njia hiyo. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* gerezani kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Upweke na ghadhabu havikumfanya avunje vina. Alivitia katika mafumbo na majibizano. Basi anayetaka kupima hisia za shairi asiishie kuuliza mtunzi aliumia kiasi gani. Aangalie pia ni kitu gani maumivu yale yalimfanya achague, na kipi alikizuia.