Ada ya Kuandamana

Katika Kaunti ya Forsyth, jimbo la Georgia, Marekani, Wazungu waliwafukuza watu weusi zaidi ya 1,000 mwaka 1912. Januari 1987 Hosea Williams aliongoza huko maandamano ya kudai haki, yakatupiwa mawe. Wiki iliyofuata walifika waandamanaji wapatao 20,000, na gharama ya ulinzi ikapita dola 670,000.

Ndipo halmashauri ya kaunti ikatunga sheria: atakaye kuandamana alipe ada isiyozidi dola 1,000 kwa siku, kwa kadiri ya ulinzi utakaohitajika, kama msimamizi aonavyo. Mwaka 1989 kikundi cha wabaguzi, wapinzani wa sikukuu ya Martin Luther King, kilitozwa dola 100. Kikashtaki. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliibatilisha sheria ile.

Huenda ukauliza, msomaji, mbona mahakama iliwapa haki watu wa namna hiyo? Tafakari. Ikiwa ada hupanda kwa kadiri ya hasira ya wasikilizaji, basi mrusha mawe ndiye amwongezeaye msemaji gharama. Sheria hiyo ingaliachwa, ingalimlemea Williams kuliko wote.