Mizani ya Goti

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maneno haya yanafaa sana katika habari ya goti lililoumia. Maana daktari aliyelitibu huona kazi yake imekwisha, na mwenye goti ndiye atakayepanda nalo ngazi kila siku.

Goti lafungwa kwa kano kubwa nne, yaani kamba ngumu zishikazo mfupa wa paja na mifupa iliyo chini yake. Mbili hukingamana ndani ya goti, na mbili zi pembeni. Mchezaji wa mpira akigeuka ghafula, hali mguu umekita chini, kano ya ndani iliyo mbele huweza kukatika. Zamani daktari aliyetaka kujua kama goti limepona alimlaza mgonjwa, akamkunja mguu, akauvuta muundi kwa mikono yake. Usipochomoka mbele, alimwambia amepona. Lakini ni nani aliyemfuata nyumbani kumwuliza kama aweza kukimbia?

Swali hili la kumfuata mgonjwa lilishikwa kwa nguvu na Ernest Amory Codman, mpasuaji wa Boston, Marekani, aliyejulikana zaidi kwa matibabu ya bega. Alitaka kila mgonjwa awe na kadi yake, na baada ya mwaka mmoja atazamwe tena, ijulikane kama matibabu yalimfaa. Na kama hayakumfaa, ni kwa sababu gani. Wakubwa wa kazi hawakupenda kupimwa hivyo. Mwaka 1914 Codman akajiuzulu katika Massachusetts General Hospital. Alikuwa amekwisha kufungua hospitali yake ndogo mwaka 1911, na huko akaandika makosa yake mwenyewe pasipo kuficha. Katika wagonjwa 337 waliotoka humo hata mwaka 1916, alihesabu makosa 123, akayapiga chapa kwa fedha zake. Alifariki mwaka 1940.

Wazo lake halikufa. Mwaka 1955 Don O'Donoghue wa Oklahoma alitangaza uchunguzi wa matokeo ya mwisho ya upasuaji wa kano za goti. Kisha, mwaka 1982, Jack Lysholm na Jan Gillquist wa Uswidi wakaleta mizani ya alama. Ilipotengenezwa upya mwaka 1985 ilikuwa na alama 100: maumivu 25, goti kulegea 25, kukwama 15, kuvimba 10, kupanda ngazi 10, na kuchechemea, kutumia mkongojo, na kuchutama, alama 5 kila moja.

Hata hivyo palibaki tatizo. Mgonjwa akiulizwa na daktari yule yule aliyempasua, huweza kuona haya kusema kwamba bado anaumia. Kwa hiyo ni jambo kubwa kwamba mwaka 1998 Ewa Roos na wenzake walitoa maswali 42 ambayo mgonjwa huyajibu mwenyewe kwa kalamu yake: maumivu, dalili nyingine, kazi za kila siku, michezo, na raha ya maisha.

Faida yake ilionekana mwaka 2010. Huko Uswidi vijana 121 waliokatika kano ya mbele waligawanywa kwa kura. Wote walipewa mazoezi. 62 wakapasuliwa mapema, na 59 wakaachwa wapasuliwe baadaye kama ikibidi. Baada ya miaka miwili majibu yao hayakuonyesha tofauti ya maana, na katika wale 59, watu 36 hawakupasuliwa kabisa. Mkono wa daktari peke yake usingaliweza kulijua jambo hilo.

Ninyi wanafunzi mwapimwa kila muhula, na pengine mwachukia. Mkumbukeni Codman, aliyejipima mwenyewe mbele ya watu. Na mkitaka kujua kama kazi yenu imemfaa mtu, nendeni mkamwulize yeye.