Nani Aliilisha Dar es Salaam?

Mwezi uliopita rafiki yangu alikuja Dar kutoka Bukoba, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Akaniomba kitu kimoja tu: "Nipeleke wanapokula watu wa Dar." Nikaona ni kazi nyepesi. Mimi ni mwandishi wa habari, nakula nje karibu kila siku, na sina haya ya kusema chakula kibaya ni kibaya. Tukazunguka siku 3.

Siku ya kwanza tulikwenda Masaki, kwenye mgahawa mpya ambao kila mtu anaupiga picha. Ugali ulikuja umekatwa kama keki, umewekwa juu ya kibao cha mbao, pembeni majani machache ya mchicha. Samaki alikuwa mzuri, sikatai. Lakini ugali ulikuwa umeshapoa, na bei yake ingenitosha kwa chakula cha mchana wiki nzima. Mhudumu alituelezea kwa Kiingereza ugali ni nini. Rafiki yangu akaniangalia tu.

Siku ya pili tulikwenda Kisutu, kwenye mkahawa wa zamani wenye feni zinazopiga kelele. Chai ya maziwa yenye iliki, kababu, sambusa na chatini. Hapo sina ugomvi na sambusa, kwa jiji zima sijaona za kuzishinda. Biriani yao ndiyo ya kukwepa. Ina mafuta mengi, na nyama lazima uitafute.

Siku ya tatu nilimpeleka Gerezani, nyuma ya gereji, kwenye benchi la mama ntilie chini ya turubai. Wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga, mchicha, kachumbari, na pilipili ya kukaanga kwenye kopo la zamani la majarini. Shilingi 3,000. Rafiki yangu alifuta sahani halafu akanilaumu: "Kwa nini hukuanza na hapa?"

Swali lake sikulijibu. Nilirudi nyumbani nikawaza jingine: kwa nini chakula bora cha jiji hili kinajificha nyuma ya gereji? Jibu lake ni historia, na historia yenyewe si ya chakula peke yake.

Tuanze na neno. Sisi Waswahili tuna hoteli ambazo huwezi kulala. Ukiona kibao cha "hoteli" Kariakoo, mara nyingi ni meza nne na birika la chai. Neno tulilipata kwa Wazungu, kitanda tukakiacha, tukabaki na sufuria. Tulichohitaji mjini kilikuwa mahali pa kula. Dar ya wakoloni ilikuwa mji wa vibarua, wanaume waliokuja kufanya kazi bandarini, reli na majumbani mwa watu, wengi wao wakiwa wameacha wake zao vijijini. Mtu anayelala chumba kimoja na wenzake watatu hana jiko. Lazima mtu mwingine ampikie.

Mji wenyewe ulipangwa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Hata wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilipokuwa cha mgao, mgao ulifuata rangi ya mtu. Serikali ilijiona ina haki ya kuamua Mwafrika ale nini. Asiyekuwa na kazi inayotambulika aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa kwao. Mwanahistoria Andrew Burton ameandika kitabu kizima kuhusu misako hiyo, *African Underclass*, kilichotoka mwaka 2005. Ukikisoma unaona jinsi uchuuzi wa mitaani ulivyohesabiwa kuwa tatizo la usalama.

Lakini akina mama waliokuwa wakiuza vitumbua, maandazi na samaki wa kukaanga walipata kitu ambacho waume zao hawakuwa nacho: hela isiyotoka kwa bwana. TANU ilizaliwa mwaka 1954, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na siasa. Wanaume wengi wenye ajira wakaogopa. Bibi Titi Mohamed, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, akawaendea wanawake. Susan Geiger aliwahoji wengi wao kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1997, *TANU Women*, na wengi walikuwa watu wa kujitegemea, wauza maandazi, wauza samaki, wapika pombe. Hakuna mwajiri wa kuwafukuza kazi. Tukisema uhuru ulipatikana kwa hotuba, tukumbuke na makarai ya mafuta.

Ndiyo maana kilichofuata kinaniuma. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 hali ikawa mbaya. Vita ya Uganda ilikausha hazina, bei za mafuta zikapanda, maduka yakawa matupu, watu wakapanga foleni ya sukari na sabuni. Tukala unga wa njano kutoka Marekani, na kwa kuwa hatukosi utani, tukauita "yanga". Mshahara wa mwezi ukawa hauvuki wiki mbili. Wake wa wafanyakazi, na wafanyakazi wenyewe, wakatoka barabarani kuuza. Hapo ndipo mama ntilie alipotapakaa mjini, kwenye mageti ya viwanda, vituo vya basi na pembeni mwa kila jengo linalojengwa.

Mwaka 1983 serikali ikatunga Sheria ya Nguvu Kazi. Asiyeweza kuonyesha kazi inayokubalika alikuwa anapakiwa kwenye gari na kupelekwa kijijini kulima. Mkoloni alisema mhuni, sisi tukasema mzururaji au kupe. Gari ni lile lile. Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa anapika wali karibu na kiwanda barabara ya Pugu. Alikuwa ananisimulia jinsi walivyojifunza kubeba sufuria la moto kichwani wakikimbia bila kumwaga. Alicheka kila akisimulia, lakini hakuwahi kusema ilikuwa inachekesha.

Aili Mari Tripp, katika *Changing the Rules* (1997), anaeleza kwa nini msako ule ulishindwa: waliopelekwa walirudi, na jiji halikuweza kuishi bila wao. Waliokuwa wanawafukuza asubuhi walikula kwao mchana. Baadaye jina lile lile, Nguvu Kazi, likawa jina la leseni ya wafanyabiashara wadogo. Kilichokuwa kosa kikauzwa kama kibali.

Na jina lao? "Ntilie" ni "nitilie", sauti ya mteja anayenyoosha sahani. Mama, nitilie maharage, nitilie mchuzi kidogo. Siku hizi viongozi wanapendelea "mama lishe", eti lina heshima zaidi. Kusema kweli mimi silipendi sana. Mama lishe linanukia semina. Katika mama ntilie namsikia mtu mwenye njaa akimwomba mtu mwenye upawa. Katika mji ambao kila mtu alimpangia mwanamke huyu pa kukaa, jina lake lilitoka kwa waliomhitaji.

Nisije nikaonekana nawapamba. Nimeshakula maharage yenye mawe. Nimeshaona sahani 40 zikioshwa kwenye beseni moja, maji yamebadilika rangi. Kipindupindu kinapoingia mjini, kama mwaka 2015, hofu ya chakula cha barabarani huwa ni ya haki. Ila dawa yetu ni ile ile miaka yote: kufunga. Bomba la maji lingemaliza nusu ya tatizo, lakini kufukuza ni rahisi kuliko kuvuta bomba.

Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000. Wengi walivilaminishia, wakavivaa shingoni kama hirizi. Oktoba 2021 wakaondolewa tena pembezoni mwa barabara, wakaambiwa waende maeneo waliyotengewa. Mama wa Gerezani alikaa huko miezi mitatu. Alipanga benchi, akapika, akasubiri. "Mwanangu," aliniambia, "walinipa kivuli, hawakunipa watu." Ndiyo akarudi, safari hii nyuma ya gereji.

Shangazi hakuona hayo, alifariki mwaka mmoja kabla. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye wali, na kwa miaka mingi nilikuwa naandika kwenye fomu, mbele ya "kazi ya mlezi", neno moja: mkulima. Hajawahi kulima Dar hata tuta. Niliona aibu, na fomu hazikuwa na nafasi ya mama ntilie.

Kwa hiyo rafiki yangu, hili ndilo jibu. Sikuanza na pale kwa sababu nami nilifundishwa kuwa jiji linaonyeshwa kuanzia Masaki. Ukirudi, tutaanza Gerezani saa 6 mchana, kabla samaki hawajaisha. Njoo na chenji.