Garissa bila meya: Nani aliyerithi mipango ya mji?

MJI wa Garissa haujakuwa na meya tangu uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013. Uchaguzi huo ulifikisha kikomo mabaraza yote 175 ya serikali za mitaa nchini Kenya, na nafasi yao ikachukuliwa na serikali 47 za kaunti. Hata hivyo, maswali ambayo mwaniaji wa umeya alitarajiwa kuyajibu yangali pale pale: maji yatafikaje kila bulla, taka zitazolewa na nani, mitaro itachimbwa lini, na kiwanja cha mkazi kitalindwa vipi?

Suala hili linawahusu kwa karibu wakazi wa Galbet, mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Garissa Mjini. Nyingine ni Waberi, Township na Iftin. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027, na wapigakura wa wadi hizo watasikia ahadi nyingi kuhusu mji wao. Ahadi haiwezi kupimwa iwapo haijulikani ni ofisi gani yenye uwezo wa kuitimiza.

Meya alivyopatikana

Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, wananchi walipiga kura kuwachagua madiwani. Madiwani hao, wakiwemo walioteuliwa, ndio waliomchagua meya kutoka miongoni mwao. Aliyetamani mkufu wa umeya alilazimika kwanza kuwa diwani, kisha kuwashawishi wenzake ndani ya ukumbi wa baraza. Mkazi wa kawaida hakuwa na kura ya moja kwa moja.

Utaratibu huo uliathiri namna ruwaza ya mji ilivyonadiwa. Mwaniaji alihitaji kuungwa mkono na watu wachache, hivyo hesabu za vyama na koo zilikuwa na uzito sawa na mipango ya barabara na masoko, pengine zaidi.

Hata aliyeshinda hakuwa na mamlaka kamili. Karani wa baraza, aliyesimamia shughuli za kila siku, aliwajibika pia kwa Wizara ya Serikali za Mitaa, na bajeti ilihitaji idhini ya waziri. Sehemu ya fedha ilitoka kwa hazina ya LATF, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambayo iliyatengea mabaraza asilimia tano ya kodi ya mapato. Kuanzia 2001, mabaraza yalitakiwa kuwashirikisha wakazi katika kuchagua miradi kupitia mpango wa LASDAP.

Waliorithi mamlaka

Katiba ya 2010 iliipa kaunti majukumu mengi yaliyokuwa ya baraza: uzoaji taka, masoko, vichinjio, maji na majitaka, taa za barabarani, zimamoto na mipango ya ardhi. Kwa hivyo, mwaniaji wa ugavana ndiye aliye karibu zaidi na yule mwaniaji wa umeya wa zamani. Garissa imeongozwa na Nathif Jama Adam kuanzia 2013, Ali Bunow Korane kuanzia 2017, na Nathif Jama tena kuanzia 2022.

Tofauti ni kwamba gavana hutumikia kaunti nzima. Sensa ya 2019 ilionyesha Kaunti ya Garissa ina watu 841,353, nayo ina wadi 30 zinazotoka Balambala hadi Ijara, zikiwemo Dadaab, Fafi na Lagdera. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa kaunti hiyo kutoka kwa serikali ya kitaifa ulikuwa takriban Sh7.9 bilioni. Mtaro wa Galbet hushindania fedha hizo na kisima cha mfugaji wa Fafi, na wote wawili wana haki.

Pengo hilo lilikusudiwa kuzibwa na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, inayotoa nafasi ya bodi ya manispaa pamoja na meneja wake. Kwa mujibu wa marekebisho ya 2019, mji unaweza kupewa hadhi ya manispaa ukiwa na wakazi 50,000. Bodi huwa na wanachama tisa, wengi wao wakiteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, nao huhudumu kwa miaka mitano. Bodi huandaa mpango jumuishi wa maendeleo ya mji, lakini bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti.

Katika bunge hilo, mkazi wa Galbet huwakilishwa na mwakilishi wadi wake. Kazi ya mwakilishi ni kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha bajeti na kumkagua gavana. Hana mamlaka ya kutoa kandarasi wala kujenga barabara.

Vipaumbele vya mji

Garissa, ulio takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Eneo hilo lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari kuanzia miaka ya 1960 hadi 1991, na kwa muda huo wote serikali iliutazama mji zaidi kwa jicho la usalama kuliko la upangaji.

Suala la kwanza ni Mto Tana. Mji hutegemea mto huo kwa maji, yanayosambazwa na kampuni ya GAWASCO, na mikokoteni ya punda hubeba mitungi hadi kule mabomba hayajafika. Mto uo huo hufurika mvua zinyeshapo nyanda za juu na mabwawa ya Seven Forks kujaa. Novemba 2023, mafuriko yaliikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo. Aprili 28, 2024, mashua iliyokuwa ikivusha watu katika maji ya mafuriko ilizama karibu na Kona Punda na watu kadhaa wakafariki. Hakuna kiongozi wa Garissa anayeweza kuzuia mabwawa yasifurike. Anachoweza ni kuzuia ujenzi kwenye kingo za mto, kuchimba mitaro, na kutenga mahali pa juu pa kuwahamishia waathiriwa kabla ya mvua.

Pili ni soko la mifugo, mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki. Ng'ombe wanaouzwa hapo husafirishwa hadi Nairobi na Mombasa. Kwa kuwa kaunti hutoza ushuru sokoni, wafanyabiashara wana haki ya kuuliza ni kiasi gani kinachorudi kama maji, vivuli, vyoo na kichinjio safi.

Tatu ni ardhi. Mkazi asiye na hati ya kumiliki hawezi kukopa benki kwa kutumia kiwanja chake, na mji unapopanuka ndiye wa kwanza kuhofia kufurushwa. Kaunti inaweza kupima na kupanga viwanja, ilhali hatimiliki hutolewa na serikali ya kitaifa. Ahadi ya hati inayotolewa na upande mmoja pekee ni nusu ya ahadi.

Nne ni usalama. Shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa liliwaua watu 148, wengi wao wanafunzi, na masomo hayakurejelewa hadi Januari 2016. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, lakini taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Vivyo hivyo, kiwanda cha umeme wa jua kilichofunguliwa Garissa Desemba 2019 ni mradi wa kitaifa, na anayeahidi kushusha bei ya stima kwa sababu ya kiwanda hicho anaahidi kisicho chake.

Kupima ahadi

Mpigakura anaweza kuipima ruwaza ya mwaniaji kwa maswali machache. Je, jambo analoahidi ni la kaunti au la serikali ya kitaifa? Je, ametaja bulla itakayoanza na mwaka wa kumaliza? Je, fedha zitatoka kwenye mgao, ushuru au ufadhili? Je, bodi ya manispaa itatengewa bajeti yake?

Sheria ya 2011 pia inawapa wakazi haki ya kukutana katika mabaraza ya wananchi, kutoa mapendekezo kuhusu huduma na bajeti, na kudai taarifa kutoka kwa bodi. Enzi ya umeya, mkazi alisubiri nje ya ukumbi madiwani wakipiga kura. Siku hizi mlango wa kikao cha bajeti uko wazi kwa mujibu wa sheria, na mradi ambao hakuna mkazi wa Galbet aliyefika kuutetea huenda ukaachwa nje ya mpango kwa mwaka mwingine mzima.