Rehani Iliyokufa

Leo twataka kulitazama neno la Kiingereza ambalo wengi wetu tumelisikia tulipokwenda benki na hati ya shamba mkononi, nalo ni "mortgage". Kwa Kiswahili twasema rehani, neno tulilolipata kwa Waarabu. Waingereza walilipata lao kwa Wafaransa wa kale, na maana yake ya asili yashangaza: rehani iliyokufa.

Kwa nini iliyokufa? Jaji Thomas Littleton, aliyefariki mwaka 1481, alieleza kwamba mkopaji asipolipa siku iliyowekwa, shamba limekufa kwake. Naye akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Lakini yako maelezo ya zamani zaidi, na hayo ndiyo yanayotuchoma moyo. Kitabu cha sheria kijulikanacho kwa jina la Glanvill, cha miaka ya 1180, chataja rehani za namna mbili. Katika ya kwanza, mavuno ya shamba yalipunguza deni. Katika ya pili, mkopeshaji aliyala mavuno yote, na deni likabaki pale pale. Hii ndiyo iliyoitwa iliyokufa. Mahakama ya mfalme haikuikataza, ila iliihesabu kuwa riba. Na mkopeshaji akifa akiwa nayo, mali yake ilihukumiwa kama mali ya mla riba. Ajabu kweli: mtu aachwe ale maisha yake yote, kisha ahukumiwe akiwa kaburini!

Tena siku ya kulipa ilikuwa kali. Aliyechelewa hata kwa siku moja alinyang'anywa shamba, hata kama deni lilikuwa dogo kuliko thamani yake. Ndipo katika karne ya 17 mahakama ya Chansela, iliyohukumu kwa kufuata dhamiri, ikamruhusu mkopaji kulirudisha shamba lake hata baada ya siku kupita, mradi alipe deni na riba. Haki hiyo waliiita kwa neno tulijualo sana kanisani: ukombozi.

Fungueni Nehemia sura ya 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao Wayahudi. Nehemia aliwataka warudishe yote siku ile ile. Wakakubali. Hata hivyo hakutosheka na maneno ya midomo. Aliwaita makuhani, akawaapisha.