Upepo Mmoja, Nyumba Mia: Bima na Maafa katika Pwani ya Mtwara na Mlango wa Ruvuma

Tarehe 25 Aprili 2019 watu wa Mtwara walifunga shule na maduka, na baadhi ya waliokaa karibu na maji wakahamia sehemu za mwinuko, kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kuwaonya kwamba kimbunga Kenneth kinawajia. Na jioni ya siku hiyo kimbunga hicho, kilichokuwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kikaiacha Mtwara, kikaipiga Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma, kikakibomoa kisiwa cha Ibo na kuua watu 45 nchini Msumbiji. Baina ya mlango wa mto na mahali kilipoingilia nchi kavu pana kilomita 200 hivi, masafa ambayo tufani huweza kuyakata kwa nusu siku. Walakini wako waliosema baadaye, na wangali wakisema, kwamba serikali iliwatisha watu bure.

Siwalaumu sana. Binadamu huhesabu yaliyompata, na aghalabu huyasahau yaliyomkosa kwa uchache. Pwani hii iko karibu na Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia una nguvu ndogo ya kuusokota upepo ukawa tufani, na Madagaska nayo imejitandaza upande wa bahari kuu. Kwa hiyo mtu aweza kuzaliwa Msimbati, akavua, akaoa, akazeeka na kuzikwa asionje kimbunga hata kimoja. Lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, mvua yake ikaikata barabara ya Dar es Salaam kuelekea kusini huko Somanga, na magari yakalala njiani siku kadhaa. Balaa lijalo kwa nadra, na likija likawapata watu wote kwa pamoja, ndilo gumu kuliko yote kulidhamini. Na dai langu ni kwamba dhamana yake haiwezi kujengwa ndani ya kijiji, wala kuachiwa mfuko wa mtu mmoja mmoja, ila ipitie vyama vya ushirika vinavyouza korosho, na iwashirikishe watu wa mbali wasiofikiwa na upepo wetu.

Ushahidi mkubwa tunao katika historia ya Unguja. Tarehe 15 Aprili 1872, Sayyid Barghash akiwa hajatimiza miaka miwili katika ufalme wake, tufani iliikumba Unguja, ikazamisha merikebu bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile. Mkarafuu hauzai ila baada ya miaka sita au zaidi, hivyo mwenye shamba hakupoteza mavuno ya mwaka ule tu. Alipoteza mavuno ya miaka ambayo wengi walikuwa wamekwisha kuyakopea fedha. Pemba haikuguswa sana. Bei ya karafuu ilipopanda kwa uchache wake, waliokuwa na miti Pemba walineemeka, na baada ya hapo Pemba ikaja kuitangulia Unguja kwa wingi wa karafuu. Tajiri aliyekuwa na mashamba visiwa vyote viwili alikuwa na bima pasi na kuijua. Jirani yake mwenye miti Unguja peke yake, hata angekuwa na marafiki mia wa kumchangia, wote walikuwa wamesimama mbele ya visiki vile vile.

Hili ndilo lisilozingatiwa na wale wanaodai kwamba vikoba na mifuko ya mazishi, ambayo watu wa pwani huiendesha kwa uaminifu mkubwa, vyatosha kuwa kinga. Mfuko wa mazishi hufaulu kwa kuwa mauti huingia nyumba moja kwa wakati wake, na nyumba tisini na tisa zikabaki na uwezo wa kutoa. Upepo huziingia zote mia usiku mmoja, na mweka hazina mwenyewe akaamka hana paa. Sharti hatari ivushwe mbali: ichanganywe na ya mkulima wa pamba wa Shinyanga na ya mkulima wa kahawa wa Kagera, na juu yao wakae wenye bima mtawanyo, yaani makampuni yanayozibebea kampuni nyingine za bima sehemu ya mzigo wao, kama TAN-RE ya Dar es Salaam, ZEP-RE ya Nairobi, na Africa Re ya Lagos iliyoundwa mwaka 1976.

Hapo huzuka swali la kitu gani hasa kikatiwe bima, na katika hili nadhani mawazo ya wengi yamepotoka. Bima ya kilimo kwa desturi yake hutazama msimu mmoja: mbegu, salfa, mavuno. Lakini vimbunga vyetu vimezoea kuja Aprili na Mei, wakati mkorosho hauna ua wala tunda, maana huchanua katikati ya mwaka. Atakayekatia bima mavuno atakuta kwamba siku ya tufani hapakuwa na mavuno ya kuharibika, ilhali mti wenyewe umelala chali, nao ukipandwa mwingine hautatoa korosho ya maana kabla ya miaka mitatu au minne. Katika miaka hiyo mwenye shamba atakula nini? Atakwenda kwa wanunuzi wa kangomba, akiuza kwa bei ya kutupa korosho za miti michache iliyosalia, nazo bado ziko mtini. Kwa hiyo kitu cha kudhaminiwa huku ni mti na uhai wake, kwa fidia itolewayo kwa mafungu mpaka mche mpya uzae.

Namna ya kuikadiria hasara nayo ina mashaka yake. Nyumba ya miti na udongo isiyo na hati, na mtumbwi usiosajiliwa, havimngojei mkadiriaji atokaye Dar es Salaam kwa barabara iliyokatika. Hapana budi bima hiyo iwe ya kipimo, ambayo hulipa mara tu kasi ya upepo au wingi wa mvua unapopita kiasi kilichoafikiwa, bila mtu kuja kuhesabu paa zilizoezuliwa. Ni njia ya haraka, na gharama yake ni ndogo. Ila kipimo kikikosea, mkataba wote huwa karatasi. Malawi ilikata bima ya ukame kwa shirika la African Risk Capacity, lililoundwa na Umoja wa Afrika mwaka 2012. Msimu wa 2015/16 ukaharibika, watu milioni 6.5 wakahitaji chakula, na hesabu ya mitambo ikatoa jawabu kwamba hapana fidia. Uchunguzi ulipofanywa ilibainika kwamba hesabu ilidhani wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, na kumbe wengi walikuwa wamehamia mahindi ya muda mfupi; ikarekebishwa, na dola milioni 8.1 zikalipwa mwanzoni mwa 2017, njaa ikiwa imekwisha kufanya kazi yake. Kwetu kosa la namna hiyo ni jepesi kutokea: kipima upepo kilichoko uwanja wa ndege wa Mtwara hakisemi lolote la hakika juu ya Mahurunga au Kitaya, na maji ya Ruvuma yanaweza kuwafurikia watu wa bondeni kwa mvua iliyonyesha mbali juu ya mto, hali anga ya Mtwara mjini ni kavu. Wanaojua mto unafurika wapi ni wakulima na wavuvi wa huko, na wangepaswa kuketi mezani siku kipimo kinapoandikwa.

Wapo pia waumini wanaoiona bima kuwa na gharari, yaani biashara ya jambo lisilojulikana, na riba ndani yake, na wasiwasi wao si wa kupuuzwa katika pwani ya Waislamu wengi. Takaful imewekwa kwa ajili yao: washiriki hutoa michango kwa nia ya kusaidiana, na mwendeshaji hulipwa ujira wake pasipo kuumiliki mfuko. Ugumu ulio mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa kukusanya. Hakuna wakala atakayezunguka kutoka Msimbati mpaka Kilambo akiomba shilingi elfu mbili kwa kila mlango. Safari yake itakula michango yote. Lakini tangu mwaka 2007 korosho ya Mtwara hupita katika stakabadhi ghalani, na mkulima akipokea karatasi ya malipo baada ya mnada hukuta makato yamepangwa mstari kwa mstari: ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, gharama za ghala, usafirishaji. Huyasoma kwa kidole, akinung'unika, na mara nyingi ana haki ya kunung'unika. Mstari mmoja mwembamba zaidi, wenye jina lake na hesabu yake iliyo wazi, ungemfikisha kwenye bima kwa gharama isiyomshinda. Wavuvi na wakulima wa mwani hawamo katika karatasi hiyo, na kwao Halmashauri ingebidi itoe sehemu.

Wala bima isifanywe kisingizio cha kuacha tahadhari. Haimrudishi aliyezama, na mikoko ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, huvunja nguvu za mawimbi bila kudai ada. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Kamati hizo zipewe mafuta, redio na vipaza sauti, kwa maana onyo lisilofika Litembe usiku halikutolewa.

Minada ya korosho hufunguliwa mnamo Oktoba, na msimu wa vimbunga katika kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine hata Mei. Fedha za mkulima, basi, hupita mikononi mwa vyama kabla ya miezi mibaya kufika, na azimio la kukata mchango huu laweza kupitishwa katika mkutano mkuu wa chama chochote cha msingi. Wanachama na wadai liwekwe katika ajenda.