Waliomsifu Liongo

Methali ya mgema aliyesifiwa hadi akalitia tembo maji hutumiwa kumkanya anayesifiwa. Lawama yote humwangukia mgema, na waliomsifu huenda zao bila kuulizwa kitu. Lakini chini ya Garsen, kule mto Tana unakoingia baharini kwenye nchi ya Ozi na Kipini, kuna kisa cha kale kinachowageukia wasifuji. Ni kisa cha Fumo Liongo, jitu la nguvu, mpiga upinde na malenga, ambaye kaburi lake wenyeji wa huko wamekuwa wakilionyesha kwa vizazi. Liongo husomwa kama kisa cha shujaa aliyesalitiwa, na ni kweli alisalitiwa. Hata hivyo naona kwamba kisa hiki ni pia historia ya watazamaji: jinsi watu wasiojua kazi ya mtu wanavyomkuza kwa kumtazama tu, na jinsi ukuzaji huo unavyomfanya awe hatari machoni pa wakubwa kabla hajawakosea.

Tuuangalie ushahidi. Mwaka 1870 mmishenari Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja, na kisa cha Liongo kimo. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi wa beti 232. Masimulizi haya mawili yanaafikiana kuhusu kifungo, tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, ngoma iliyofunika sauti ya minyororo ikikatwa, na sindano ya shaba iliyomuua. Yanaachana mwanzoni. Kwa Steere, kisa kinaanza na watu wa mji waliochoshwa na udhalimu wa Liongo wakaazimia kumfunga. Kwa Kijumwa, kinaanza na wageni. Wagala, kama Waswahili wa zamani walivyowaita Waoromo ambao jamaa zao Waorma wangali wanachunga ng'ombe kandokando ya Tana, walikuja Pate kwa biashara. Sultani wa Pate akawasimulia habari za Liongo, nao wakataka kumwona.

Liongo akaitwa. Mwendo wa siku nne akaumaliza kwa siku moja, akapuliza baragumu wageni wakatishika, kisha akautua mkoba wake na kutoa kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Hapo hapakupigwa ngumi wala kurushwa mshale. Wagala waliona kimo, wakasikia mlio, wakahesabu mizigo. Hayo yakawatosha kuomba aoe binti yao ili wapate mbegu yake. Sultani naye, aliyemtangaza Liongo ili ajitukuze mbele ya wafanyabiashara, aligundua kwamba sifa alizozitoa zimempita. Mtu anayestaajabiwa hivyo na wageni angeweza kesho kutaka kiti. Liongo alikuwa hajafanya jambo lolote jipya zaidi ya kuitika wito. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliomstaajabia, na kwa Sultani hiyo ilikuwa sababu tosha ya kumtafutia kifo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba sifa hizo zilikuwa za kweli, kwa hiyo hakuna kosa kusifu. Ni kweli Liongo alikuwa na uwezo, na utenzi wenyewe unatuonyesha namna bora ya kuupima. Alipokimbilia mwituni aliishi na Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa upinde. Sultani akawahonga wamuue. Wakapanga kula makoma kwa kikoa, kila mtu apande mkoma wake kwa zamu, na zamu ya Liongo ikifika wammiminie mishale akiwa juu. Liongo hakupanda. Akiwa chini aliyadengua makoma kwa mishale, na wale wawindaji wakajua kuwa hawamwezi. Hawa hawakumhukumu kwa kimo wala kwa mkoba. Walimwona akifanya kazi wanayoifanya wao kila siku, wakajua ugumu wake, na hukumu yao ilikuwa ya kimya na sahihi. Wagala na Wasanye walimtazama mtu mmoja, lakini Wasanye ndio walioujua upinde.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: huu ni utenzi, si kumbukumbu ya baraza. Wataalamu hawajakubaliana Liongo aliishi karne gani, na wengine wanamweka mapema mno kabla ya Waoromo kufika pwani hii katika karne za 16 na 17. Wakiwa sahihi, basi wageni wa Pate waliingizwa kisani baadaye. Nalikubali hilo, na naona linaipa hoja yangu nguvu. Maana yake ni kwamba wasimulizi wa Lamu na Tana, waliporithi habari za mtu mwenye nguvu aliyeuawa, waliona kisa kina pengo. Walihitaji kueleza hofu ya mtawala ilitoka wapi, na jibu lililowaridhisha halikuwa udhalimu wa Liongo bali macho ya watazamaji. Hayo ni maarifa ya jamii kuhusu umaarufu, na ni historia hata kama mkutano ule wa Pate haukufanyika.

Maarifa hayo yanatufaa leo kila anapozuka bondia wa uzani mzito. Medali za Kenya za ndondi katika Olimpiki zimetoka kwa watu wa uzani wa chini na wa kati, miongoni mwao Philip Waruinge mwaka 1968 na 1972, Ibrahim Bilali mwaka 1984, na Robert Wangila aliyeleta dhahabu pekee ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988. Bado macho ya umma hutamani mwili mkubwa. Primo Carnera wa Italia alitangazwa kwa ukubwa wake, na mapambano yake mengi ya mwanzo yalishukiwa kuwa yamepangwa. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1933, akaupoteza mwaka uliofuata kwa Max Baer aliyemwangusha mara nyingi. Alipokutana na Joe Louis, bondia Mmarekani mweusi, huko New York mwezi Juni 1935, wengi waliwafanya wawili hao kuwa Italia na Uhabeshi, nchi ambayo Mussolini aliivamia Oktoba hiyo. Mzigo wa namna hiyo hauwekwi na makocha. Unawekwa na watu wanaohitaji jitu la kuwabebea haja zao, na jitu likianguka hawamo miongoni mwa wanaoumia. Wangila alifariki Las Vegas mwaka 1994 kwa majeraha ya ulingoni. Kelele za shabiki hazikingi kichwa cha bondia.

Wapo watakaosema kwamba bila mashabiki wa kupita hakuna viingilio, wala mchezo. Ni kweli, na sidai wafukuzwe ukumbini. Nadai wajue wanachokiona, na wausubiri mkoma kabla ya kuuamini mkoba. Utenzi umewawekea onyo kali. Mbegu waliyoiomba Wagala ilizaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo ndiye aliyeshawishiwa na Sultani akamchoma babake kitovuni. Liongo akatoka na upinde wake, akapiga goti kando ya kisima, akakata roho katika hali ya kulenga. Mji mzima ukakaa siku kadhaa na kiu kwa kuogopa umbo lililokwisha kufa, mpaka alipoombwa mamake aje kumsihi. Ndipo mwili ulipoanguka, na watu wakateka maji.